Fremu Mbili za Shabaha

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Ukishaitikia huko uliko, tafuta pa kukaa, maana barua hii ni ndefu na anayeiandika ni hodari.

Hapa nyumbani tupo. Mama, yaani dada yako, ni mzima, na ulimi wake ni mzima zaidi. Jana alinigombeza toka nilipofungua macho mpaka nikaona heri niwahi kazini. Bibi anasumbuliwa na miguu, lakini gari likipiga honi barabarani anafika mlangoni kabla yetu, akidhani ni wewe. Mimi sasa ni fundi seremala. Si mwanafunzi wa fundi, ni fundi. Bosi wangu anabisha, lakini meza aliyouza juzi miguu yote nimeikata mimi na haiyumbi, isipokuwa mmoja, nao unayumba ukiuegemea kwa chuki.

Haya, jambo lenyewe ni bunduki ya babu. Tangu tulipomzika mwaka jana imefungiwa kwenye kabati la chuma pale kituo cha polisi, na leseni iliandikwa jina lako kwa kuwa wewe ndiye mwanawe wa kiume. Wiki iliyopita afisa wa silaha alikuja mpaka hapa, akakaa kwenye kiti nilichotengeneza mimi (hakuanguka, andika hilo moyoni), akasema leseni inakwisha mwisho wa Juni. Mwenye leseni aje mwenyewe, apige risasi tano mbele yake pale shambani kwetu, tatu zikae ndani ya duara. Asipokuja, au akikosa, bunduki inarudi serikalini moja kwa moja. Njia nyingine ni wewe uweke sahihi leseni ije kwangu, halafu nipige mimi. Karatasi ya sahihi nimeitia humu ndani.

Mama anasema iende tu. "Chuma hicho kimeninyima usingizi toka nikiwa msichana." Lakini nguruwe pori wamekula mahindi ya shamba la juu mpaka wamenenepa kuliko mwenye shamba. Na hata wasingekuwepo nguruwe, mjomba, mimi nisingetaka iende. Unakumbuka Jumamosi za kulenga? Babu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia imemshuka kwenye nyusi. Wewe umelala kifudifudi juu ya gunia. Mimi nakimbia na kopo la gundi ya unga, naziba matundu kwa vipande vya karatasi. Babu anapaza sauti, "Limekaa wapi?" Nami najibu, "Limekaa vizuri, babu!" hata kama limekaa kwa jirani. Ukimaliza unanibeba begani, bega linanuka baruti na jasho, nami najiona mkubwa kuliko mkuu wa polisi.

Basi nimeruhusiwa Jumamosi mbili kila mwezi kufanya mazoezi, chini ya macho ya jirani yetu, yule askari wa wanyamapori mstaafu. Yeye ndiye anayeitoa bunduki kituoni na kuirudisha. Bado tunamwita Kikohozi, na bado anakohoa. Fremu ya shabaha nimeshaitengeneza. Mjomba, ungeiona ungelia! Mbao ngumu, imepigwa msasa, imepakwa vanishi mara mbili, na kila kona nimeikaza kwa chuma. Zile zenu za zamani zilikuwa vijiti vya kuchezea watoto.

Weka sahihi, rudisha karatasi. Au njoo mwenyewe uone fundi.

Mpwa wako,
Domo (jina ulilonipa wewe, usijifanye umesahau)


1 Machi

Mpwa wangu Domo,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mko salama. Mwambie mama asikimbilie mlangoni, ataanguka bure. Mwambie dada ulimi wake nausikia mpaka huku. Mimi sijambo. Hapa karakana tunaunda mabodi ya malori, kelele za kukata vyuma kutwa nzima, nikilala naota naendelea kukata.

Sasa nisikilize. TOA CHUMA KWENYE FREMU. Toa kabla hujamaliza kusoma mstari huu. Risasi ikipata chuma haiulizi aliyepiga ni nani, inarudi. Nani alikuambia fremu ya shabaha inahitaji kona za chuma? Na vanishi ya nini, unataka kuiuza?

Fremu ya shabaha ni kitu cha kuuawa, ndiyo kazi yake. Kwa hiyo tumia mbao laini, za bei ya chini, zile bosi wako anazowashia moto. Mbili ndefu zisimame, mbili fupi zilale chini ziwe miguu, na kwenye miguu toboa mashimo ya mraba ili zile ndefu zichomekwe tu, bila msumari. Ikivunjika moja unachomeka nyingine, dunia inaendelea. Juu funga kipande cha boksi kwa vibanio vya nguo. Miguuni weka mifuko ya mchanga, upepo usiiangushe. Nyuma yake kuwe na kile kichuguu kikubwa cha udongo, siyo hewa, siyo njia, siyo jirani. Anza karibu, hatua ishirini na tano tu. Piga tatu ukilenga palepale, usiguse kitu. Kama zote tatu zimekaa pamoja lakini kushoto, hapo ndipo unasogeza kilengeo cha nyuma kwenda kulia. Kama zimetawanyika kama kuku, usiilaumu bunduki, jilaumu mwenyewe. Zikikaa sawa, ndipo uende mbali.

Fremu ya kwanza niliyomtengenezea baba ilikuwa mlango wa banda la kuku. Kuku walikuwa bado wanautumia. Duara tulilichora kwa mkaa tukizungushia sahani ya mama, ile ya maua, kisha tukaisahau pale pale kwenye fremu. Baba alipiga risasi moja tu siku hiyo, na ndiyo pekee niliyowahi kuona ikikaa katikati kabisa. Mama alitafuta sahani yake mwezi mzima. Mpaka leo hajui, na wewe ukimwambia nitakuja nikunyonge.

Kazi imebana. Tutaona.

Mjomba wako


27 Machi

Mjomba,

Shikamoo mara mbili, moja ya leo na moja ya msamaha.

Barua yako imefika Jumanne. Jumamosi ilikuwa imeshapita, na chuma kilikuwa kimeshanijibu. Nilipiga ya kwanza, ikapita juu. Ya pili sijui. Ya tatu nikasikia ting! kisha kitu kikapita karibu na sikio langu kikilia kama nyuki mwenye haraka. Kikohozi alilala kwenye mfereji kabla yangu, mzee wa watu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakukohoa. Halafu akaniuliza polepole, "Kijana, hiyo fremu umemtengenezea adui gani?" Tukaikuta risasi imeingia kwenye ndoo ya babu. Ndiyo, ile ndoo. Niliilaza pale kwa ajili ya kumbukumbu, nayo ikapata kumbukumbu yake.

Mama hajui. Ukimwambia, nitamwambia bibi habari za sahani. Sasa tumefungana.

Nimetengeneza nyingine kama ulivyosema, mbao za kuwashia moto na mashimo ya mraba. Bosi alinikuta naitoboa, akasema, "Kazi ya miezi yote hii nimekufundisha, na unachotengeneza ni hiki?" Nikamwambia ni siri ya kitaalamu. Vibanio nimechukua vya mama, gundi nimepika mwenyewe. Ilipochemka, ile harufu ya unga ilinirudisha kabisa, nikasimama jikoni na mwiko kama mjinga, nikimsubiri babu aniite.

Nilipokuwa nachomeka ile fremu shambani niliona mahali zenu zilipokuwa zinasimama. Majani hayajaota vizuri, pana kama alama mbili za miguu. Nikachomeka hapohapo.

Mazoezi yanaendelea vizuri sana, mjomba. Nisijisifu, lakini kwa kweli risasi zangu sasa zinakaa pamoja kama mayai kwenye kiota. Kikohozi ameishiwa maneno.

Sasa mbona karatasi hukurudisha? Nimepekua bahasha mpaka nimeichana. Unaniona bado ni yule wa kopo la gundi? Nimetimiza ishirini na moja, nina ndevu, bibi anaziona akivaa miwani. Na mwandiko wako, mjomba, samahani, umekuwa mkubwa kama wa mtoto wa chekechea, na mistari inapanda mlima. Unaandikia juu ya lori linalotembea?

Mpwa wako,
Domo


20 Aprili

Domo,

Marahaba. Wasalimie wote. Huku mvua tu.

Ndoo ilikuwa ya baba yangu kabla ya kuwa ya babu yako. Ungekuwa karibu ningekufinya sikio mpaka ulie.

Sahihi siweki. Bunduki ya baba haihami kwa stempu. Likizo nimeomba, nimenyimwa. Usiniulize tena habari za mwandiko, meza ya hapa ni mbovu.

Kama unapiga vizuri kama unavyosema, nitumie boksi lenyewe ulilopigia. Maneno yako nayajua toka hujaota meno.

Mjomba wako


2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima. Mama amepika leo huku anaimba, hivyo kuna jambo baya linakuja. Bibi amekuuliza mara mbili asubuhi hii, nikamwambia umenyimwa likizo, akasema mwenye karakana hana mama.

Meza mbovu? Niambie vipimo, mimi nitakuundia meza, nikutumie kwa hilohilo lori mnalotengeneza.

Boksi hili hapa nimelikunja mara moja tu ili lisiharibike. Matundu matano, yote ndani ya duara, matatu yanashikana mikono. Hatua hamsini, mjomba! Upepo ulikuwepo! Kikohozi alisema hajaona hivyo toka enzi za babu. Lioneshe na wenzako hapo karakana, usione aibu, waambie ni damu yako.

Sasa sina la kuongeza. Karatasi nyingine ya sahihi ipo chini ya boksi. Kalamu unayo.

Domo, mlengaji


14 Mei

Domo,

Marahaba. Mwambie mama nimesikia maneno yake juu ya mwenye karakana na nitayafikisha.

Boksi nimelipata. Nimelipapasa kwa kidole mbele na nyuma, kisha nikacheka peke yangu mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Risasi ikipita kwenye boksi huondoka na kipande chake, na mbele huacha masizi. Msumari hauondoki na kitu, unasukuma tu, nyuma ukiacha mdomo umetokeza kama wa mtu aliyenuna. Boksi lako lina midomo mitano, Domo, yote imenuna. Msumari wa inchi nne, sivyo? Ungetafuta hata mkaa ukapaka kidogo. Uvivu wako unashinda hata uongo wako.

Unajua kwa nini sina hasira? Kwa sababu mimi nilitumia spoki ya baiskeli. Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Baba alisema nikipata tatu ndani ya duara atanipeleka naye doria ya mashamba. Nikangoja alale mchana, nikatoboa, nikampelekea. Alilishika boksi, hakulitazama hata kidogo, alikuwa anatazama vilima. Akapitisha kidole gumba nyuma ya boksi, taratibu, tundu moja baada ya jingine. Kisha akasema, "Bunduki hii inapiga spoki siku hizi?" Basi. Hakunichapa. Alinipeleka shambani jioni hiyohiyo, akanilaza kwenye gunia, akakaa kwenye ndoo yake, tukapiga mpaka jua likazama na bega langu likavimba. Tulirudi nyumbani akiwa ameniwekea mkono shingoni njia nzima. Mkono mzito ule. Nikikata vyuma huku, kuna saa nausikia.

Nitumie boksi la kweli. Hata kama lina aibu. Hasa kama lina aibu.

Habari za sahihi nimeshajibu.

Mjomba wako


24 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Boksi la kweli hili hapa. Hesabu mwenyewe. Moja ndani ya duara, mbili chini kushoto, moja kwenye mbao, moja Kikohozi anasema ipo mbinguni. Ilikuwa hatua ishirini na tano, siyo hamsini. Nafumba macho bunduki inapolia. Nimeshakuambia, sasa tusilirudie.

Leo sitaki kuandika habari za boksi.

Yule fundi rangi wa karakana yenu alipita hapa akienda likizo, akaleta sabuni na kitambaa ulichomtumia bibi. Mama akamkaribisha, akamuuliza kwa mazoea tu, "Ndugu yangu hajambo?" Akasema, "Hajambo kabisa, hata jicho kidonda kimeshafunga." Mama akasema, "Jicho gani?" Yule bwana akaishika kofia yake kama anataka kuingia ndani yake. Tukamkalisha chini, ikatoka yote. Kipande cha chuma kutoka kwenye mashine ya kukatia, mwezi mmoja tu baada ya mazishi. La kulia. Limekwisha.

Mama hakunigombeza kutwa nzima. Mjomba, niliogopa. Alifua nguo zilizokuwa safi.

Kwa hiyo mistari ilikuwa inapanda mlima kwa sababu hiyo, na mimi nikakutania habari za chekechea. Na boksi ulilipapasa. Nilidhani unamwiga babu.

Nilikuwa nimekasirika, nakuambia ukweli, nikidhani unaninyima. Sasa nimefikiri, ingawa darasani walikata tamaa kunifundisha kazi hiyo. Sitaki sahihi yako tena. Karatasi zote mbili ziwashie moto wa chai. Leseni ni yako, njoo upige. Una bega jingine na una jicho jingine, na afisa hakusema bega lipi. Nilimuuliza Kikohozi, bila kukutaja, mtu wa kulia anaweza kupiga kushoto? Akanitazama sana, akasema, "Mwambie mjomba wako aanze kuzoea kitako begani hata bila risasi, na akija nipo."

Nimeunda fremu ya pili, mpya, ya kwako. Nimeitengeneza ndefu kidogo, maana wewe ni mrefu, na boksi lake nimelipaka chokaa nyeupe kabisa, duara jeusi. Zimesimama mbili shambani, bega kwa bega. Njoo, mjomba. Ukikosa, utakosa nyumbani.

Bibi hatujamwambia.

Domo


9 Juni

Domo,

Marahaba, mwanangu.

Nilitaka kumsuta yule fundi rangi kwa domo lake, halafu nikakumbuka ninayo familia nzima ya namna hiyo.

Sikusema kwa sababu sikujua niseme vipi. Kila nikishika kalamu, niliandika "kazi imebana". Baba alikuwa akisema mimi ndiye jicho lake, macho yake yalipochoka. Ningerudije pale mbele ya ndoo yake?

Nina mpini wa ufagio. Kila nikitoka kazini nauweka bega la kushoto nalenga msumari ukutani. Jana mpangaji wa chumba cha pili alifungua mlango bila kubisha, akanikuta nimelala kifudifudi, nimemlenga yeye. Amehamia kwa shemeji yake.

Likizo nimepewa. Sikuwahi kunyimwa, sikuwahi kuomba. Nakuja tarehe ishirini na mbili. Mama nitamwambia mwenyewe.

Boksi lako la kweli ni zuri. Acha kufumba macho.

Mjomba wako


8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Umefika salama? Bibi anataka jibu kabla ya barua hii kuondoka, nimemwambia haiwezekani, amesema nina ubishi wa mama yangu. Tangu uondoke anakaa upande wa mlango ule uliokuwa unakaa wewe. Ile siku ya kwanza alipokushika uso kwa mikono miwili na kuuzungusha kwenye mwanga kama anayechagua papai, akasema tu, "Umekonda," mama alikimbilia jikoni, na mimi nilikuwa na vumbi machoni. Vumbi, nasema. Mimi ni seremala.

Mama ameacha kusema bunduki iende. Sasa anasema mkiiharibu mtanitambua. Ni hatua.

Nakuandikia kwa sababu ya lile jambo la siku ya afisa. Nilikuacha upande gari bila kulisema, nikijua ungeona haya na kunifinya sikio. Sasa uko mbali, mkono haufiki.

Ulipiga wewe wa kwanza. Niliposimama nyuma yako nikaona jinsi bega la kushoto lilivyokuwa halijui mahali pa kuweka kitako, nilitaka kuondoka. Ya kwanza ikala udongo. Ya pili ikala udongo. Kikohozi akaacha kukohoa, ishara mbaya kuliko zote duniani. Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya shamba na karai la nguo akijifanya anapita. Afisa akaanza kufunga kalamu yake. Ukavuta pumzi mpaka nikadhani umelala. Ya tatu ndani. Ya nne ndani. Ya tano, mjomba, ile sikuweza kuitazama, nilifumba macho kwa niaba yako. Nilipoyafungua Kikohozi alikuwa anakimbia kwenda kwenye fremu, mzee yule, anakimbia! Akapiga kelele, "Tatu! Tatu ndani!" Mama akaangusha karai.

Afisa akasema, "Hongera, leseni inabaki kwako." Nawe ukasema, "Mwandikie huyu." Nikaambiwa nilale chini nipige kabla mwenye kalamu hajabadili mawazo.

Nikajiziba masikio kwa pamba, nikalala kwenye gunia lililokuwa bado na joto lako. Najua ulidhani sisikii. Pamba ile, mjomba, niliitoa kwenye mto wa zamani, haizuii hata mbu.

Afisa alikuuliza, "Mzee, umefaulu. Unaitoa ya nini?"

Ukamwambia, "Ningeiachia kwa barua, ingekuwa nimenyang'anywa na mtu, au na jicho. Leo ilikuwa yangu. Kitu changu naweza kukitoa."

Akasema, "Na huyu ataiweza?"

Ukacheka kile kicheko chako cha puani. Ukasema, "Huyu? Nimemtazama akilenga wiki hii. Ananishinda hata nilipokuwa na macho mawili. Ana mkono wa baba kabisa. Ila usimwambie, ataota mapembe."

Ndiyo maana nilichelewa kupiga. Haukuwa woga kama ulivyosema mezani jioni ile mbele ya watu. Kilengeo kilikuwa kimejaa maji. Nilingoja kikauke, nikapiga, na macho sikufumba hata mara moja. Nne ndani, na ya tano ikakata mguu wa fremu, boksi lote likaanguka, afisa akacheka mpaka akaomba kiti. Leseni imekuja juzi. Jina langu limeandikwa lote, limejaa mstari.

Basi nimesikia yote, mjomba, neno kwa neno, na nimemwambia kila mtu mtaani, hata bosi. Mama anasema mapembe yameshaota na sasa siwezi kupita mlango wa mbele. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, kesho naleta msumeno, nitaupanua.

Mpwa wako